Behewa la Daraja la Pili

Behewa limefika ndani ya sanduku la viatu, limefungwa kwenye kanga yangu mwenyewe, kanga ambayo nilikwisha kuihesabu miongoni mwa marehemu. Nimeliweka juu ya meza ya jikoni, kati ya chupa ya chai na bakuli la vitunguu, na tangu siku hiyo tunatazamana. Ni behewa dogo, urefu wake shubiri moja, magurudumu sita, rangi ya damu ya mzee, na mistari ya dhahabu imezunguka kila dirisha na kila mlango kama wanja kwenye jicho. Ni mfano wa mabehewa yaliyokuwa yakivutwa na injini za mvuke huko Uingereza enzi za Malkia Victoria. Milango yake imeandikwa namba 2. Shamim, aliyelituma kutoka Sugar Land, pembeni ya Houston, alinieleza kwenye simu kwa ile haraka ya watu wa Houston, wanaoongea kana kwamba taa ya barabarani iko karibu kugeuka nyekundu. Baba yake, Bwana Nizar, ametangulia mbele ya haki. Treni yake yote inakwenda kuwekwa kwenye kabati la kioo la chama cha wapenda treni. Wataalamu wa chama wameikagua wakaisifu, isipokuwa vitu viwili kwenye behewa hili: mstari umefutika chini ya dirisha moja, na hiyo 2 ni kosa, ilitakiwa kuwa 3. "Aunty, ni kazi ya dakika tano tu," akasema. "Si wewe ndiye uliyechora?" Ndiyo, ni mimi. Na dakika tano zenyewe zimeshakula wiki nzima, kwa sababu kila nikifungua kopo la rangi naukumbuka mwaka ule, nafunga kopo, natia chai.

Habari za nilizaliwa wapi na nani alimzaa nani tuziache. Anayezitaka ampigie mamdogo wangu Rehema, atazipata pamoja na nyongeza. Inatosha kusema kwamba nilipofika Garland, jirani na Dallas, nilikuwa binti wa Tanga mwenye kidato cha nne, mkono mzuri wa kuchora hina, na mapenzi ya kukaa ndani ambayo, kama yangekuwa na shule, ningekuwa profesa. Watu huja Marekani wakaiona. Mimi niliiona dari ya chumba cha wageni cha Mamdogo, nikaijua ufa kwa ufa. Mamdogo alikuwa nesi wa zamu za usiku. Akirudi asubuhi, miguu imevimba, ananikuta kwenye kochi na kandambili zangu, na hapo huanza hotuba. "Zuhura, uta-apply lini? Kozi ya kutunza wazee imefunguliwa. Hutaki wazee? Haya, ghala la Mesquite wanatafuta watu." Namjibu kwamba Mesquite ni mbali. "Mbali! Umevuka bahari mbili, Mesquite ndiyo mbali?" Ndiyo ilikuwa mbali. Bahari nilizivuka nimekaa na mkanda umenifunga, chakula naletewa kwenye trei. Safari kama hiyo hata leo naiweza. Mesquite ilikuwa ni ku-drive, na mimi usukani hata wa baiskeli ulikuwa unanitoa jasho.

Kazi niliyoipata niliipata kwa sababu moja tu, ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimchora Mamdogo hina ya Idi, akaenda nayo kwenye sanduku la barua, na jirani yetu akamshika mkono akiutazama kama daktari wa ngozi. Jirani mwenyewe alikuwa Kalasinga wa Nakuru, mzee mrefu mwenye kilemba cha buluu, aliyefiwa na mkewe na aliyeitwa Pritam, ingawa alipenda aitwe Fundi. "Mama Rehema, hii mkono ni nani amechora?" Mamdogo, aliyekuwa akitafuta mtu yeyote wa kunitoa kwenye kochi lake, akajibu kabla hajamaliza kuuliza. Jioni hiyohiyo nilisukumwa mpaka kwenye gereji ya Fundi nikiwa bado na kandambili.

Gari halikuwahi kulala kwenye gereji ile. Ilikuwa na meza ndefu iliyoungua hapa na pale kwa kulehemu, taa ya kuinamia, kioo cha kukuzia chenye mkono wa chuma, visanduku vya magurudumu madogo kama vifungo vya shati, na harufu ya rangi iliyochanganyika na chai ya masala, maana birika lilikaa palepale pembeni mwa makopo, na Fundi aliwahi kukoroga chai kwa brashi. Alikata mabati membamba ya shaba, akayakunja, akayalehemu mpaka yakawa behewa lenye viti ndani na taa juu ya paa, kisha akawauzia watu wanaopenda treni za zamani zile. Sikujua kwamba duniani kuna watu wazima wenye mapenzi hayo. Nilimuuliza kama ni vitu vya watoto. Akanitazama juu ya miwani. "Mtoto akigusa hii, mimi nalia." Kisha akanionyesha mikono yake, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka. Si sana. Kukata bati aliweza, kulehemu aliweza akishikilia kwa koleo. Mistari ndiyo iliyomshinda. Na behewa la enzi zile bila mistari ya dhahabu, alisema, ni kopo la biskuti.

Akanipa kalamu yake ya mistari, kidude cha chuma chenye midomo miwili, nikachora mstari uliopinda kama mfereji wa Chumbageni, kwetu Tanga. "Hii ni reli ama nyoka?" akauliza. Nikaona aibu, na aibu kwangu hupanda kama ushindani. Kesho yake nilikwenda na koni, ile ya hina, niliyoikunja kwa mfuko wa nailoni nikaitoboa kwa sindano, na rangi nimeichuja na kuilainisha mpaka ikawa nzito kama hina iliyolala. Kidole kidogo nikakiegemeza mezani, pumzi nikaibana, nikavuta, maana hina haisukumwi. Mstari ukatoka mwembamba, umelala juu ya ukingo wa paneli kama uzi wa kufumia. Fundi aliteremsha kioo cha kukuzia, akatazama, akatazama tena. Kisha akanimiminia chai, na kwa mara ya kwanza alitumia kikombe kisicho na rangi.

Kilichokuwa hatarini nilikijua kupitia dirisha la jikoni, chuo changu kikuu. Mtoto wa Fundi alikuja kutoka Houston, akamkuta Mamdogo akiwa anamwagilia maua, akaanza kumuuliza kinesi kuhusu ile mitetemeko. Mimi nilikuwa nakatakata bamia, kisu kikasimama chenyewe. Alisema baba yake hawezi kuendelea kuishi peke yake na moto na sumu za rangi, kwamba amemwandalia chumba kizuri chenye televisheni, kwamba nyumba ya Garland itauzwa. Lakini wamekubaliana jambo moja. Kuna oda ya treni nzima ya Bwana Nizar wa Sugar Land, mfamasia mstaafu. Ikipokelewa, mzee atabaki na gereji yake. Ikirudishwa, watafunga. "Na huyo Nizar," akasema, "anarudisha kila kitu. Aliwahi kurudisha gari la makaa kwa sababu ya komeo la mlango." Mamdogo alipoingia ndani alinikuta nimeganda na bamia. Hakunihutubia siku hiyo. Alisema tu, "Basi chora vizuri, mwanangu."

Nikachora mwaka mzima. Sasa nikikumbuka, naona ndio mwaka niliofundishwa kazi na kufundishwa kukaa na mtu, na sikulipia ada upande wowote. Asubuhi nilibeba mbaazi za nazi, Fundi akakaanga chapati, tukala tumesimama ili makombo yasiangukie rangi mbichi. Alinicheka kwa Kiswahili changu. "Nyinyi watu wa Tanga, kusema hapana mnachukua saa nzima. 'Samahani, Fundi, naona kama ingelikuwa labda…' Sema hapana!" Nami nilimcheka kwa cha kwake, kwamba kila kitu kwake kilikuwa "hii", watu, mabehewa na ugonjwa. Alinisimulia Nakuru, stesheni yake na vumbi lake, mkono mmoja umeushika wa pili ili utulie, na mimi nikichora bila kuinua macho. Nadhani ndiyo sababu alisimulia. Mtu husema mengi mbele ya anayetazama kitu kingine. Siku mkono ulipozidi kutetemeka aliuficha mfukoni, akasema leo ni siku ya kupumzisha rangi. Niliitikia. Rangi haikuwa imechoka.

Treni ilikuwa na gari la mizigo na mabehewa matano ya abiria. Kwenye mchoro wa Fundi, mabehewa mawili yaliandikwa 1 na matatu yakaandikwa 3. La pili halikuwepo. Niliutazama mchoro ule siku nyingi kwa huzuni. Mimi na kila mtu niliyemjua tulijua kwamba treni ina daraja la kwanza, la pili na la tatu. Ndivyo lilivyo gari moshi. Nikasema moyoni, masikini mzee, mkono unatetemeka, sasa na kumbukumbu nayo. Binti mwenye adabu afanye nini? Amwambie mtu wa umri ule, "Fundi, umeruka namba"? Haikuwezekana. Kwetu mkubwa akikosea unamsitiri. Basi siku ya kuandika namba nilichukua behewa moja kati ya yale matatu, nikaliandika 2 kwenye kila mlango, kwa dhahabu, kwa unyenyekevu mkubwa, nikajisifu kwa malezi yangu. Fundi alilikagua kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari. Akasema, "Safi." Naye alikulia Nakuru. Jicho lake liliona moja, mbili, tatu, likaridhika.

Safari ya Houston tulikwenda kwa gari la Mamdogo, Fundi mbele, mimi nyuma na mabehewa yote mapajani, kila moja nimelifunga kwenye kanga yangu, maana Fundi hakuyaamini masanduku. Sikuona kitu njiani. Watu huniuliza kukoje kati ya Dallas na Houston, nawaambia kuna magoti yangu. Kila lori lilipotupita nilisoma dua, na Mamdogo akacheka, "Huyu ndiye nilitaka afanye kazi Mesquite!" Fundi hakucheka. Mikono yote miwili ilikuwa mifukoni.

Nyumba ya Bwana Nizar ilikuwa na chumba kizima cha reli, milima ya karatasi, stesheni yenye saa, na zulia jeupe lililonifanya nivue hata soksi. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, nadhifu, amechomekea shati nyumbani kwake. Hakuuliza safari ilikuwaje. Aliyachukua mabehewa moja moja, akayageuza juu chini, akatazama magurudumu, akatazama mistari kwa kioo chake mwenyewe. Mtoto wa Fundi naye alikuwepo, amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, kama mtu aliyekuja kumchukua mgonjwa. "Mistari," akasema Bwana Nizar, "haijapata kuwa mizuri hivi, Pritam." Nilihisi masikio yanawaka. Kisha akalishika behewa la nne, akalirudisha chini ya kioo chake.

"Pritam. Hii ni nini?"

"Daraja la pili," akasema Fundi.

"Kampuni hii ya reli ilifuta daraja la pili. Kwa mwaka wa treni hii lilikuwa limeshafutwa. Nilikuandikia. Moja na tatu. Umesahau?"

Fundi alilitazama behewa, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kila kitu, adabu yangu yote ya Tanga, kuanzia shina mpaka tawi. Nilifungua mdomo. Yeye akawahi. "Hii ni kazi ya gereji yangu," akasema. "Nitarudi nayo, nitarekebisha." Akanyoosha mikono kulipokea, na mikono ikatetemeka mbele ya watu wote, mbele ya mtoto wake, kiasi kwamba Bwana Nizar hakuthubutu kumpa. Funguo zikalia mlangoni. Nikajua gereji imefungwa, na aliyeifunga ni mimi, kwa heshima.

Hapo ndipo alipoingia Mama Yasmin, mke wa Bwana Nizar, mwenyeji wa Mombasa, na sahani ya sambusa. Alikuja kukaribisha wageni tu. Alipoona mumewe ameshika behewa na wote tumesimama kama tuko mazikoni, akaweka sahani, akavaa miwani iliyokuwa inaning'inia kifuani, akainama.

"Heee! Nizar! Kumbe umeniwekea behewa langu!"

"Ni kosa, Yasmin. Hapakuwa na daraja la pili."

"Hapakuwa? Mimi nilipanda nini basi? Punda?" Akatugeukia sisi. "Nilipoolewa, Mombasa mpaka Kampala. Mama yangu kanifungia kuku na mkate wa mofa, nalia njia nzima, kila stesheni nalia. La kwanza Wazungu, la pili sisi Wahindi, la tatu Waafrika. Hakuna aliyeambiwa, kila mtu alijua pake. Na mimi nilikaa hapa." Akaweka kidole kwenye dirisha la katikati. "Hapa hasa. Nje kulikuwa na twiga."

"Ile ilikuwa Afrika," akasema Bwana Nizar, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Hii ni treni ya Uingereza."

"Na wewe ulizaliwa Uingereza?"

Mamdogo akakohoa kuficha kicheko. Bwana Nizar alisimama na behewa lake mkononi. Sijui aliona nini. Walifukuzwa Kampala na masanduku mawili tu, hilo nilikuja kulijua baadaye, na sidhani kama picha za safari ile zilikuwemo. Alichofanya ni kuliweka behewa kwenye reli, kati ya la kwanza na la tatu, akaunganisha, akawasha umeme. Treni ikazunguka milima ya karatasi polepole, ikapita stesheni, ikarudi. Mama Yasmin akaipungia mkono kama anasindikiza mtu. "Liache," akasema Bwana Nizar, bila kumtazama yeyote. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuacha kuwa Nizar: "Lakini komeo hili la gari la mizigo limepinda kidogo."

Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye zulia jeupe. Mtoto wake alitia funguo mfukoni, akachukua sambusa. "Na wewe mwanangu," Mama Yasmin akaniambia, "usikae huko la tatu, njoo ukae na mimi." Nikamwambia ahsante Mama, mimi sisafiri. Mamdogo akaapa kwamba hilo ndilo neno la kweli pekee nililowahi kulisema tangu nifike Marekani. Kabla hatujaondoka, Fundi aligeuza behewa juu chini. Mafundi wa treni hizi huandika jina chini ya sakafu kwa penseli, pasipoonekana. Jina lake lilikuwepo. Akanipa penseli. "Andika. Na usitengeneze tena kosa la mzee kimyakimya. Sema hapana, sawa?" Nikasema sawa, ingawa ilinichukua maneno mengi. Kanga zangu zilibaki Sugar Land. Niliona aibu kuzidai.

Gereji ilibaki wazi miaka mingi baada ya siku ile, yeye akilehemu, mimi nikichora, na Fundi alifia Garland, nyumbani kwake, birika likiwa pembeni ya makopo, kama alivyotaka. Meza yake ndefu ninayo mimi sasa. Imejaa mabehewa ya watu wa majimbo ambayo sitayaona kamwe, wao hutuma, mimi nachora, wao hupokea, na katika biashara yote hiyo sihitaji kuvaa viatu. Kila ninapovuta mstari, kidole kidogo mezani, pumzi nimeibana, namshukuru mzee aliyesema "hii ni kazi ya gereji yangu" wakati angeweza kunyoosha kidole. Na ninamshukuru mwanamke aliyeingia na sambusa.

Jana nikajikaza, nikawasha taa ya kuinamia kuutazama ule mstari uliofutika. Nilitegemea mkwaruzo. Haukuwa mkwaruzo. Rangi imelika taratibu, laini, kama kizingiti cha mlango kinavyolika, chini ya dirisha la katikati, upana wa ncha ya kidole. Nikampigia Shamim, nikamuuliza ni nani amekuwa akiligusa hapo. "Oh, that's Mom," akasema. "Kila mgeni akija lazima amwonyeshe. Sijui kuna nini." Nikamwambia kuna nini. Nilimsimulia kuku, mkate wa mofa, machozi na twiga. "Nilidhani ni story ya treni tu," akasema. "Aunty, hajui kwamba nimekutumia. Subiri, yuko hapa."

Ikaja sauti nyembamba, lakini ya Mombasa vilevile. "Wewe mtoto wa Tanga. Bado uko ndani?"

"Niko ndani, Mama."

"Behewa langu liko kwako?"

"Liko hapa mezani."

"Wanataka ulifanye nini?"

Nikamweleza. Mstari, na 2 kuwa 3.

"Haya, kaa humo ndani unavyopenda," akasema. "Lakini kiti changu usikiguse."

Nikamwambia hapana, sitakigusa. Limenitoka kwa neno moja, Fundi angeshangaa. Nimeshalifunga behewa kwenye kanga, na posta silipeleki. Mamdogo, ambaye sasa ndiye anayekaa kwenye kochi na mimi ndiye ninayempikia, hakuamini nilipomuuliza nani anaweza kutu-drive hadi Sugar Land Jumamosi. Ameniuliza mara mbili kama nina homa.